Mikanda kwenye gari za zamani: 404 ya mzee wangu na namna tulivyoifunga upya (Lubumbashi)

Mwana Kamalondo

Jambo kwenu wote mnaopenda gari za zamani.

Nina Peugeot 404 ya mwaka 1963. Mzee wangu aliinunua mkono wa pili wakati mji huu ungali unaitwa Élisabethville, na tangu siku hiyo haijatoka ndani ya familia. Imebeba maharusi, imebeba wagonjwa usiku, imebeba jeneza la babu juu ya paa. Injini inanguruma vizuri, rangi tumeirudishia ile ile ya kijivu, hata saa ya dashibodi inatembea. Kitu kimoja haijawahi kuwa nacho ni mkanda wa usalama, hata mmoja.

Niwaambie kilichonileta hapa. Mwezi wa tano tulikuwa tunarudi kutoka Likasi: mimi kwenye usukani, dada yangu mkubwa kando yangu, watoto wake wawili nyuma. Tulipokaribia Lwisha, lori la shaba lililokuwa mbele yetu likasimama ghafla. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote, tukasimama hatua mbili nyuma ya trela. Hatukugonga kitu. Lakini yaya (hapa kwetu ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa) alikuwa ameinama kuchukua chupa ya maji miguuni, akatupwa mbele, paji la uso likapiga ukingo wa dashibodi. Nyuzi saba. Mtoto mdogo alijikuta amelala kwenye shingo yangu.

Nawaomba mwelewe: hatukugonga kitu, ni breki tu. Tangu siku hiyo kila nikiifungua mlango ile gari naona damu kwenye kitenge cha dada yangu.

Wiki iliyofuata niliipeleka kwenye garaji moja hapa mjini, nikawaambia wanifungie mikanda miwili mbele. Baada ya siku mbili nikarudishiwa gari, mikanda myeusi, mipya, inapendeza. Nikalipa. Jumapili nikalala chini ya gari na tochi. Nilichokiona: bulo (bolti) za milimita 8 zimepita kwenye tole (bati) ya sakafu, na nyuma yake rondeli (washa) ndogo kama sarafu. Juu, kwenye nguzo ya katikati, skrubu za kujitoboa zenyewe, zile za kufungia mabati. Nikaweka mguu kwenye kizingiti cha mlango, nikavuta mkanda kwa mikono miwili. Sakafu ikainuka kama kifuniko cha sufuria inayochemka.

Nimeing'oa yote. Sasa naomba wenye ujuzi: mkanda unafungwaje kwenye gari ambalo halikuandaliwa mahali pa kuufungia? Sitaki cha kuonyesha polisi. Nataka kitu kitakachomshika dada yangu.

---

Dereva wa Kenya

Yaya, pole sana kwa dada.

Miye niko dereva wa teksi hapa Lubum, mu komini ya Kenya, myaka 11. Nikuambie ukweli: bale ba rulaji (polisi ya barabara) bakinisimamisha, ninavuta mukanda ninaweka pa kifua. Bakinipita, ninaachilia. Njo vile batu bengi tunafanyaka. Mukanda yenyewe haifungi tena, kifungo kilivunjika zamani. Sikuwahi kufikiria kama pale chini inashikiliwa na nini.

Leo nitaangalia.

---

Fundi Ruashi

Mwana Kamalondo, umefanya vizuri kulala chini na tochi. Wengi wanaangalia utepe kama ni mpya, hakuna anayeangalia chuma kinachoushika. Utepe wa mkanda ni imara kuliko karibu kila kitu kingine ndani ya gari la zamani. Kinachoachia ni tole.

Tupige hesabu pamoja, ndipo utajua kwa nini naanza na chuma. Mtu wa kilo 70, gari linakwenda 50 kwa saa. Nguvu aliyonayo mwilini mwake ni sawa na ya mtu anayeanguka kutoka urefu wa karibu mita 10, yaani ghorofa ya tatu. Gari likigonga, mkanda una kama nusu mita ya kumsimamisha: mbele ya gari inajikunja kidogo, utepe unavutika kidogo, kwisha. Kwa nusu mita hiyo, mkanda unabeba kama kilo 1,400. Weka ndani ya kichwa picha ya gari lingine zima likining'inia kwenye zile bulo zako za milimita 8.

Na hiyo si hesabu ya kutisha watu. Kanuni za Umoja wa Mataifa za kupima mahali pa kufungia mikanda zinataka pavutwe kwa nguvu ya karibu kilo 1,350 upande wa kifua, na wakati huo huo 1,350 nyingine upande wa kiuno, na pasing'oke. Kwa mkanda wa kiuno peke yake ni zaidi ya 2,200. Wewe uliinua sakafu kwa mikono.

Sasa kazi yenyewe.

Bulo (ndugu zetu wa Tanzania wanasema bolti) ya mkanda ina kipimo chake karibu dunia nzima, tangu gari za zamani hadi za leo: inchi 7/16, nyuzi nyembamba, 20 kwa kila inchi. Ni karibu milimita 11. Usichukue ya 10 ukasema inaingia, itaogelea. Usilazimishe ya 12, utaua nyuzi. Njia rahisi ni kutoa bulo kwenye gari lililobomolewa, pamoja na rondeli yake na kile kipete cha katikati. Kipete hicho wengi wanakitupa, na ni kosa. Ndicho kinachoacha kile kipande cha chuma cha mwisho wa mkanda kizunguke kufuata mwelekeo wa mvuto. Ukikibana bila kipete, mkanda utavutwa upande mmoja na bulo itapindwa.

Nyuma ya tole unaweka bamba. Kwenye magari ya mashindano, kanuni za FIA (shirikisho la dunia la mbio za magari) zinataka bamba lisilopungua sentimita 40 za mraba, unene milimita 3. Mimi nakata sentimita 6 kwa 8. Pembe zote nazizungusha kwa faili, kwa sababu pembe kali siku ya ajali inakuwa kisu cha kukatia tole. Na bamba likae upande ambao mvuto utalikandamiza kwenye tole. Kwa sakafu, hiyo ni chini ya gari, nje. Ukiliweka ndani, mkanda unavuta bulo peke yake na bamba linaangalia tu.

Lakini kabla ya yote hayo, piga sakafu kwa nyundo ndogo, sentimita kwa sentimita. Ikilia "tin" ni chuma. Ikilia "puf" ni kutu iliyopakwa rangi, na bamba zuri juu ya kutu ni kazi bure. Kata, weka tole mpya, chomelea, ndipo uzungumze mkanda.

---

Mzee wa Mercedes

Vijana, nawasoma kwa heshima. Mimi nina Mercedes ya 1961, ninaitunza tangu nilipostaafu. Swali langu ni hili: gari la zamani thamani yake ni kubaki lilivyotoka kiwandani. Ukianza kutoboa nguzo na sakafu, umeharibu kitu ambacho hakirudi. Gari hizi zimetembea miaka 60 bila mikanda na sisi tuko hai. Mimi naendesha polepole, siku ya Jumapili, mjini tu.

---

Mwana Kamalondo

Mzee wangu, shikamoo, na aksanti kwa kuandika.

Polepole ndivyo nilivyokuwa nikienda siku ile. Naweza kuendesha polepole mimi. Lori la tani 40 linalotoka Kolwezi halijui kwamba gari langu ni la Jumapili. Barabara ambayo gari zetu zilitengenezewa haipo tena.

Kuhusu asili, nimesoma sana miezi hii. Mkanda si kitu cha juzi. Saab waliuweka kwenye GT 750 mwaka 1958. Mwaka 1959 Volvo wakaanza kuuza gari zenye mkanda wa kushika kifua na kiuno kwa utepe mmoja, huu huu tunaoujua leo. Aliyeubuni anaitwa Nils Bohlin. Kabla ya hapo kazi yake ilikuwa viti vya kurusha marubani nje ya ndege, huko huko Saab, kwa hiyo alijua mwili wa binadamu unavumilia nini. Volvo wakaacha viwanda vingine vyote vitumie ubunifu huo bure. Ina maana Mercedes yako na Peugeot yangu ziliundwa wakati mkanda wa Bohlin upo tayari. Tukiufunga leo hatuleti kitu kigeni kwa gari. Ni kitu cha umri wake ambacho halikupewa.

Sheria nazo zilikuja polepole. Jimbo la Victoria huko Australia lilikuwa la kwanza kulazimisha watu kuvaa, mwishoni mwa 1970. Ufaransa, ambako 404 ilizaliwa, ilikuwa 1973, tena mwanzoni nje ya miji tu. Uingereza walitaka gari mpya ziwe na mahali pa kufungia tangu 1965, lakini kuvaa kukawa lazima 1983. Huko gari la kabla ya 1965 lililotoka kiwandani bila mikanda halilazimishwi. Bado wenye gari hizo wengi wanafunga kwa hiari yao.

Hii 404 yetu, mzee, ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968.  Nami sioni aibu kulitoboa matundu sita gari la baba yangu.

---

Mama Bel-Air

Habari zenu ndugu. Mimi si fundi, lakini mume wangu ana Coccinelle (Volkswagen Beetle) na ndiyo inayopeleka watoto shule. Nina maswali matatu na naomba mnijibu kwa lugha ya nyumbani.

La kwanza, watoto nyuma: mkanda wa kiuno peke yake unatosha? La pili, nina mimba ya miezi sita, mkanda unanibana tumbo na mama mkwe ananikataza kabisa kuuvaa. La tatu, hofu yangu kubwa: gari likishika moto au likiingia mtoni, si nitakufa nimefungwa?

---

Fundi Ruashi

Mama, maswali yako ni bora kuliko ya mafundi wengi.

Naanza na la mwisho kwa sababu ndilo linalozuia watu wengi. Moto na maji ni ajali chache sana. Na hata ndani ya hizo, anayetoka ni yule ambaye bado ana fahamu na miguu haijavunjika. Asiyejifunga anagonga usukani au kioo kwanza, kisha moto au maji yanamkuta amelala. Aliyejifunga anabonyeza kifungo na kutoka. Kwa hiyo kifungo ndicho cha kuchunguza: kibonye kwa kidole kimoja huku mtu mwingine anavuta mkanda kwa nguvu. Kikigoma, kitupe, usikipake mafuta ukategemea. Shirika la Afya Duniani linasema kuvaa mkanda kunaweza kupunguza hatari ya kufa ndani ya gari hadi asilimia 50. Hakuna kitu kingine utakachofunga kwenye Coccinelle kitakachokupa hivyo.

Mimba: usiache kuvaa. Utepe wa chini upite CHINI ya tumbo, ukae kwenye mifupa ya nyonga, kabisa karibu na mapaja. Wa juu upite katikati ya matiti na kando ya tumbo. Usipite juu ya tumbo hata siku moja. Kama umevaa kitenge cha tabaka tatu, kivute kidogo ili mkanda ushike mwili na si nguo. Mweleze mama mkwe kwa upole kwamba mtoto analindwa kwa kumlinda wewe, na umwonyeshe kwa mkono utepe unapopita. Akiona mwenyewe atatulia.

Watoto: mkanda wa kiuno peke yake ni bora kuliko hakuna, lakini mtoto anajikunja juu yake kama kisu cha kukunja, na utepe unapanda kutoka kwenye nyonga kwenda tumboni. Matumbo yanaumia. Kama unaweza, nyuma pia funga ya kifua na kiuno. Mtoto mdogo anahitaji kiti chake cha watoto, kilichofungwa kwa mkanda ulio imara. Kumpakata si kumshika: mtoto wa kilo 10, kwa hesabu ile ile niliyotoa juu, anakuvuta mikononi kwa kilo 200. Huko Uingereza gari la zamani lisilo na mikanda haliruhusiwi kabisa kubeba mtoto wa chini ya miaka 3, na wakubwa wake wanakaa nyuma tu. Nadhani ni sheria ya busara hata kama hapa kwetu hakuna anayekuuliza.

---

Coccinelle ya Likasi

Mama Bel-Air, kabla mume wako hajatoboa kitu, avue kapeti na atazame nguzo ya katikati na kando ya tuta la katikati ya sakafu. Coccinelle nyingi za miaka ya 60 zina matundu yenye nyuzi tayari, kiwanda kiliyaacha na kuyaziba kwa vizibo vidogo vya plastiki. Mimi nimeendesha yangu miaka tisa bila kujua. Nilipotoa kizibo nikakuta nyuzi safi, bulo ya 7/16 ikaingia kwa vidole.

Jambo lingine kwa gari za milango miwili: mgongo wa kiti cha mbele unainama mbele ili watu waingie nyuma. Kwenye gari nyingi za zamani hakuna kitu kinachoufunga. Siku ya ajali mtu wa nyuma anausukuma mgongo huo, wewe mbele umeshikwa na mkanda, unabanwa katikati kama mkate. Weka komeo la kuushika mgongo wa kiti. Na usifunge mkanda kwenye kiti chenyewe, reli za viti hivi zinashikwa na skrubu nne tu.

---

Mwana Kamalondo

Ndugu, habari mpya. Wiki mbili hizi nilizunguka kutafuta mikanda.

Kwanza nilikwenda wanakouza vipuri vya gari zilizobomolewa. Mikanda iko mingi, bei ndogo. Nikachukua mmoja mkononi, mzuri kwa macho. Nilipoufungua wote hadi mwisho, karibu na ile pete ya juu utepe ulikuwa na mawimbi, kama nguo iliyopigwa pasi vibaya, na plastiki ya pete imechubuka hadi kuyeyuka. Nikamuuliza muuzaji gari lilikufaje. Akaonyesha kwa mkono: mbele yote haipo. Ule mkanda ulishafanya kazi yake mara moja, ulimshika mtu. Utepe ukishavutika hivyo haufai mara ya pili.

Pale pale nikajifunza kitu kingine. Gari nyingi zinazobomolewa kwetu ni za Japani, usukani kulia. Mkanda wa dereva wao unatoka nguzo ya kulia. Mimi usukani wangu uko kushoto, kwa hiyo wa kunifaa ni wa abiria wao, si wa dereva. Nikajaribu kugeuza: roli ile inayokunja utepe ukiiweka kwa pembe isiyo yake, inajifunga moja kwa moja, mkanda hautoki hata sentimita. Ndani yake kuna kitu kizito kidogo kinachoegemea gari likipunguza mwendo ghafla na kufunga meno. Ukikiweka kimelala, kinadhani gari linagonga wakati wote.

Mwishowe niliandika kwa ndugu yangu aliye Bruxelles, akanitumia miwili mipya, yenye roli, kwa ajili ya gari za zamani. Kwa pesa ni kama matairi mawili. Sijutii.

---

Fundi Ruashi

Vizuri sana. Angalia kile kitambaa kidogo kilichoshonwa mwishoni. Utaona herufi E ndani ya duara na namba: ni nchi iliyoupima. 1 ni Ujerumani, 2 Ufaransa, 4 Uholanzi, 6 Ubelgiji, 11 Uingereza. Kando yake kuna herufi: A ni mkanda wa kifua na kiuno, B wa kiuno peke yake, r maana yake una roli. Ukiona "Ar4m" ni roli inayojifunga yenyewe gari linapopunguza mwendo ghafla au utepe unapovutwa kwa kasi. Mkanda usio na alama yoyote usiununue hata ukiwa mpya.

Na kwa wote wanaosoma: utepe ukichanika ukingoni, usimpelekee fundi viatu. Namheshimu fundi viatu, lakini mshono wa mkanda una mpango wake na uzi wake. Usifunge fundo kuufupisha. Usiufue kwa javeli (maji ya klorini) wala petroli, wala kuutia rangi ufanane na viti. Maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida, ukauke kivulini.

---

Mzee wa Mercedes

Nimewasoma mara mbili. Leo asubuhi nimevua kapeti ya Mercedes. Chini ya kiti cha dereva nyundo imelia "puf".

Fundi, uko Ruashi upande gani?

---

Fundi Ruashi

Mzee, usijisumbue kuja. Jumamosi nakuja mimi na mashine ya kuchomelea.

---

Mwana Kamalondo

Kazi imekwisha jana. Naandika yote kwa utaratibu ili mwingine asianze na sifuri kama mimi.

Fundi Ruashi alikuja saa 2 asubuhi. Tulianza na nyundo. Upande wa dereva chuma tupu. Upande wa abiria, kona ya nyuma karibu na kizingiti, kutu ya ukubwa wa kiganja. Tulikata mpaka tukafika kwenye chuma kinachong'aa, tukachomelea tole mpya. Hiyo peke yake ilitula hadi mchana.

Kisha tukamkalisha dada yangu kwenye kiti. Sikuwa nimefikiria hilo. Fundi alisema mahali pa juu panapimwa kwa mtu, si kwa futi. Akaweka kidole kwenye bega lake, akavuta uzi hadi kwenye nguzo. Pete ya juu lazima ikae usawa wa bega au juu yake kidogo. Ikiwa chini ya bega, siku ya ajali mkanda unamvuta mtu kwenda chini na uti wa mgongo unabanwa. Kisha akapima kiuno: utepe utoke nyuma na chini, ukae kwenye nyonga. Ukitoka mbele mno, mtu anateleza chini yake. Yaya alikaa pale nusu saa, kovu lake jipya linaonekana, hakulalamika hata kidogo.

Nguzo ya katikati ndiyo ilikuwa ngumu, kwa sababu ni sanduku, huwezi kuingiza mkono nyuma. Fundi alichomelea ekru (nati) ya 7/16 katikati ya bamba, akalifunga kwa waya, akalipitisha kwenye tundu la chini la nguzo, akalivuta juu kwa waya kama mtu anayevua samaki. Mara tatu likageuka. Mara ya nne likakaa. Akalishika kwa bulo, kisha akalichomelea pembeni kupitia matundu mawili madogo. Tulisikia "tak" lilipogusa tole, wote tukanyamaza.

Roli tumeiweka chini ya nguzo, wima kabisa, tumepima kwa kipima usawa cha muashi. Kifungo kiko kwenye shina gumu linalotoka katikati ya viti ili mtu akipate kwa mkono mmoja bila kukitafuta. Kila tundu lililotobolewa tumelipaka rangi ya kuzuia kutu kabla ya bulo, na gundi ya kuzuia maji chini. Mvua za mwezi wa kumi na moja zisije zikala tulichojenga.

Kisha kujaribu. Kwanza kuvuta ghafla kwa mkono: umefunga. Kisha barabara tupu kuelekea Kipushi, mwendo wa 20, breki. Umefunga. 30, breki. Umefunga, na yaya hakusogea zaidi ya upana wa kiganja. Aliniambia nifanye tena. Nikafanya tena.

Kiti cha nyuma kinangoja mikanda ya pili. Mpaka ifike, watoto hawapandi 404. Wamelia, na nimekubali walie.

---

Dereva wa Kenya

Yaya, niliangalia teksi yangu. Bulo ya chini ilikuwa imetoka kabisa, mukanda ilikuwa imefungwa na waya pa reli ya kiti. Myaka mingapi, sijue. Nimebeba batu wangapi, sijue.

Kifungo nimepata kingine, bulo nimepata ya 7/16 na kipete yake. Bamba njo sina. Fundi, unaweza kunikatia mbili?

---

Fundi Ruashi

Nimekwisha kukata nne. Mbili za mbele, mbili za abiria wa nyuma. Pita Jumatatu kabla hujaanza kazi, tufunge pamoja, itachukua saa mbili. Njoo na sakafu imeoshwa.

---

Mama Bel-Air

Mume wangu ametoa kapeti. Vizibo viko, vyote vinne. Amepiga picha, nitaiweka hapa jioni.